Linux au GNU/Linux: niandike lipi kwenye mwongozo?

Swali: Wakuu, naandaa mwongozo wa kusakinisha Debian na Alpine, mifumo endeshi miwili inayotumia Linux. Jina sahihi ni lipi?

Jibu: Linux ni kerneli tu (kiini cha mfumo endeshi), aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Mradi wa GNU, wa programu huru, ulitangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, na ndiko zilikotoka bash (hupokea amri), gcc (hujenga programu), coreutils (amri za msingi kama `ls`) na glibc (maktaba ya C ambayo programu huitegemea). Debian yenyewe hujiita GNU/Linux. Endesha `cat /etc/os-release` uone. Kulifuta jina hilo ni kuwanyima watu haki yao.

Jibu: Naunga mkono kwa Debian, lakini Alpine usiiite hivyo. Inatumia musl badala ya glibc, na BusyBox badala ya coreutils. Tena hapa si suala la heshima tu: programu iliyojengwa kwa glibc ukiipeleka Alpine hugoma kwa ujumbe "not found" ingawa faili lipo. Kinachokosekana ni kipakiaji chake (faili linaloianzisha programu), `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2`. Kagua kwanza kwa `ldd --version` uone mfumo unatumia maktaba ipi.

Jibu: Kuhusu haki ya walioandika programu: majina ya wenye hakimiliki, kwenye Debian, yamo `/usr/share/doc/` ndani ya folda ya kila pakiti, faili `copyright`. Ukisambaza programu, liambatanishe.

Muulizaji: Shukrani. Nitaandika Debian GNU/Linux na Alpine Linux.