Vijana wa kanisa kwenda kurekebisha nyumba za Helene: tuanze wapi?

MleziWaVijana
Bwana Yesu asifiwe. Vijana 14 wa ibada yetu ya Kiswahili, miaka 15 hadi 23, wamealikwa wiki moja Swannanoa, North Carolina, kwenye nyumba zilizoingiwa maji na Kimbunga Helene Septemba 2024. Nyumba ya kwanza imeshavuliwa kuta hadi mbao zikabaki wazi, inasubiri bodi mpya za jipsamu. Ya pili ni ya bibi mmoja, ilifungwa tangu mafuriko, kuta ni zilezile. Nguvu na moyo wanavyo, ila fundi tunaye mmoja. Tuanze wapi, na tujihadhari na nini?

FundiMbao
Asifiwe sana, mtumishi. Anza na ya bibi, maana ile nyingine haiharibiki kwa kusubiri siku mbili.

Kabla ya kugusa chochote, umeme na gesi vizimwe na mtu anayejua, kisha bibi apige picha kila chumba na alama ya maji ukutani. Ushahidi wake wa bima na msaada wa serikali ni huo, na ukuta ukishabomolewa haurudi.

Kila kijana avae barakoa ya N95, miwani ya kinga, glavu nene, na buti zenye soli isiyopenywa na misumari. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la kuvu. Kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978, rangi inaweza kuwa na madini ya risasi, na vigae vya zamani vya sakafuni vinaweza kuwa na asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Hapo msibomoe mpaka vipimwe.

Jipsamu hunyonya maji kwenda juu, kwa hiyo alama ya maji siyo mwisho wa uharibifu. Kata angalau futi moja juu yake. Bodi mpya ni futi 4 kwa 8 na hulazwa, basi kama alama iko chini ya futi 3, piga mstari wa chaki inchi 48 na nusu kutoka sakafuni, ukate hapo nyumba nzima. Ile nusu inchi hubaki wazi chini ya bodi mpya ili isinyonye maji ya sakafuni, na ubao wa pembeni utaifunika. Alama ikipita futi 3, toa ukuta wote hadi dari. Kateni kwa kisu, msitumie msumeno wa umeme: nyaya na mabomba yamo humohumo ukutani.

Pamba ya kioo, ile ya kuzuia baridi iliyojazwa ukutani, ikiwa imelowa itoke yote. Na hapa ndipo makundi mengi hukosea: hawaingii uvunguni. Pamba iliyo chini ya sakafu hushika maji kwa miezi, inaning'inia huko gizani, na mbao za juu zinazidi kulowa hata feni zikizunguka usiku na mchana. Itoeni, pampuni maji yaliyotuama, halafu ndipo mkaushe.

Matope yaondolewe kwa beleshi, kisha mbao zisuguliwe kwa brashi, maji na sabuni. Feni na mashine ya kukausha hewa zifuate.

MleziWaVijana
Asante sana, fundi. Wazazi wamechanga jiki nyingi, tunyunyizie kwenye mbao? Na tutajuaje kwamba zimekauka?

FundiMbao
Jiki iwekeni kwenye vitu visivyonyonya kama vigae na sinki, baada ya kuosha kwa sabuni, isizidi kikombe kimoja kwa galoni ya maji. Kwenye mbao maji yake huzama ndani na klorini ikabaki juu, yaani mmeongeza unyevu tu. Msiichanganye kamwe na dawa yenye amonia, hutoa hewa ya sumu.

Kukauka hakupimwi kwa kiganja. Nunueni kipima unyevu chenye sindano mbili. Lengo ni asilimia 15 au chini. Pimeni ule ubao wa chini kabisa unaolala sakafuni, pembeni na nyuma ya bafu, kwa sababu ndio hukauka wa mwisho. Hata nyumba ya kwanza ipimeni kabla ya bodi ya kwanza kupanda, japo imekaa wazi muda mrefu. Ukifunga ukuta wenye unyevu, kuvu huota ndani na familia inabomoa tena kwa pesa ambazo haina. Afadhali mwondoke kuta zikiwa wazi.

Hesabu ya bodi: chumba cha futi 12 kwa 12 kina mzunguko wa futi 48, gawa kwa 8 ni bodi 6, ongeza moja ya kuharibika. Skrubu ni za inchi 1¼ kwa bodi ya nusu inchi. Kichwa kizame kidogo bila kuchana karatasi, kikichana hakishiki kitu. Tepu na plasta ya maungio hupakwa mara tatu, kila mara ikauke takriban siku nzima. Kwa hiyo wiki moja msiwaahidi rangi.

MratibuMaafa
Nyongeza yangu ni juu ya watu. Walio chini ya miaka 18 wasipande paa wala kushika msumeno wa mnyororo. Wanaweza kubeba vifusi, kusugua, kupima, kupaka plasta. Chanjo ya pepopunda ya kila mmoja iwe ndani ya miaka 10. Jenereta ikae futi 20 kutoka mlangoni na madirishani, moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Vifusi viwekwe ukingoni mwa barabara kwa mafungu: vya ujenzi, friji na majiko, vya umeme, kemikali, na matawi. Vikichanganywa lori linaweza kuviacha. Friji zifungwe kwa tepu, msizifungue.

Mwandike kila siku jina, saa ya kuingia na kutoka, mahali na kazi. Saa za kujitolea katika kazi za dharura kaunti inaweza kuzihesabu kama mchango wake wa gharama mbele ya FEMA, shirika la maafa la serikali ya Marekani, lakini bila karatasi hazihesabiki.

Na tafadhali, dada au kaka mlezi: muulizeni bibi kabla ya kutupa Biblia, albamu au sahani, hata kama vimejaa tope. Mpeni kiti kivulini na kijana mmoja wa kukaa naye, kazi ya huyo iwe kumwonyesha kila kitu kinachotoka. Maombi pia, ombeni ruhusa yake kwanza. Picha zake msiziweke mtandaoni bila yeye kukubali.