Mookie anarudi Fenway

*Kikundi cha ukoo: Ijumaa, 25 Agosti 2023*

Athman (Lowell): Asalamu aleikum jamaa. Leo jioni nampeleka Zuhra uwanjani Boston. Mookie Betts, yule nyota wa besiboli aliyekuwa wa timu yetu ya Boston, Red Sox, anarudi Fenway, uwanja wetu, kwa mara ya kwanza tangu wamhamishe, naye amevaa jezi ya Dodgers wa Los Angeles. Tangu alfajiri sijielewi. Nina hamu ya kumwona na nina uchungu, vyote pamoja.

Dada Mwanaisha: Waaleikum salaam. Si ndiye wa ile fulana namba 50 uliyokuja nayo Mombasa?

Athman (Lowell): Ndiye. Shingo imeshachanika lakini sina moyo wa kuitupa.

Kassim: Shemeji, sisi wa kandanda tufafanulie. Alihama mwenyewe au waliachana naye?

Athman (Lowell): Hapo ndipo panaponiuma. 2018 alikuwa mchezaji bora wa ligi yake. Red Sox walishinda mechi 108 za msimu, kisha fainali wakawafunga hao hao Dodgers. Februari 2020 wakampeleka Los Angeles pamoja na David Price, wakapewa vijana 3: Verdugo, Wong na Downs. Mkataba wake ulikuwa umebaki msimu mmoja, na wenye timu walitaka kupunguza mzigo wa mishahara. Julai Dodgers wakampa miaka 12 kwa dola milioni 365, na mwaka ule ule wakachukua ubingwa.

Kassim: Milioni 365! Hata mimi ningekwenda.

Athman (Lowell): Yeye simlaumu hata chembe. Ila watu wa huku wana kidonda cha zamani. Timu hii hii ilimuuza nyota wake Babe Ruth kwa Yankees wa New York, habari ikatoka Januari 1920, na ubingwa mwingine haukuja hadi 2004. Halafu miaka 100 kamili baadaye wanamwachia Mookie. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi aliposikia, alivua kofia yake ya Red Sox akaiweka juu ya meza, na hakusema neno mpaka zamu ikaisha.

Salim: Ami, kwani miaka yote hii Dodgers hawajaja kucheza huko?

Athman (Lowell): Ratiba ya zamani haikukutanisha timu zote. Mwaka huu ndio imebadilishwa, kila timu inacheza na kila timu. Kwa hiyo hatukumuaga. Aliondoka kabla msimu haujaanza, kisha korona ikafunga viwanja.

Athman (Lowell): Na si mpira peke yake. Usiku wa mchezo wa pili wa fainali ile ya 2018, baada ya ushindi, alikwenda kimyakimya nje ya maktaba kuu ya Boston kuwagawia chakula watu wanaolala barabarani. Mtu kama huyo nitamzomea vipi? Lakini nikimshangilia, anakuja kutufunga kwetu.

Mama: Mwanangu, binti aliyeozwa akija kwao kusalimia, hufungiwa mlango? Mpokee kwanza. Kushindana baadaye.

Athman (Lowell): Nimekusikia Mama.

*Jumamosi, 26 Agosti*

Salim: Ami, mimi nimekesha. Huku ilikuwa saa nane usiku. Nimeona watu wote wamesimama!

Athman (Lowell): Wallahi Salim, sikutarajia. Wageni ndio huanza kupiga, na yeye ndiye wa kwanza kwenye safu yao, kwa hiyo mchezo haujaanza hata kidogo na yeye keshatokea uwanjani. Uwanja mzima ukasimama. Akavua kofia ngumu, akageuka kidogo kidogo kutuangalia pande zote. Zuhra ananivuta mkono, "Baba, mbona hupigi makofi?" Kumbe nilikuwa nimeishika fulana kifuani kwa mikono miwili.

Dada Mwanaisha: Maskini kaka yangu. Ukapiga?

Athman (Lowell): Nikapiga mpaka viganja vikawaka. Kisha akaanza kutupiga kweli, na tukafungwa. Kila alipopiga akafika kituo cha uwanjani moyo ulinipasuka kidogo. Nikitazama kona ya kulia, pale alipokuwa akilinda yeye, namwona Verdugo, kijana anayejituma, na namwonea huruma pia. Hakuomba kulinganishwa.

Mama: Vizuri umempokea.

Kassim: Bado mechi mbili. Sasa uko upande gani?

Athman (Lowell): Red Sox, shemeji, hilo halina mjadala. Ila zamu yake ya kupiga ikifika, nitanyamaza tu.