Maji yanaingia ndani ya gari upande wa abiria wa mbele: nianzie wapi kutafuta?

Mwalimu wa Shangani, Mtwara

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa magari yaliyotumika, hasa mnaoishi huku Kusini ambako mvua zikishaanza Novemba au Desemba hazituachi hadi Aprili, na miaka mingine Mei.

Gari langu ni dogo, la milango mitano, lililotumika Japani kabla ya kuletwa nchini, nami nililinunua Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa nalo kwa miaka kadhaa. Halina dirisha la paa. Kapeti ya mbele upande wa kushoto, mahali abiria anapoweka miguu, inalowa, na mara nyingine unyevu unafika hadi nyuma ya kiti hicho. Ukiitazama kwa juu utadhani ni kavu, lakini ukiikandamiza kwa kiganja maji yanachuruzika. Harufu ya uvundo imekuwa nzito kiasi kwamba watoto hawakubali kupanda vioo vikiwa vimefungwa, na kila asubuhi vioo vyote vina ukungu kwa ndani.

Fundi wa kwanza alisema kosa ni kioo cha mbele, akakizungushia silikoni pande zote, na hali ikabaki ileile. Wa pili alitaka atoboe tundu kwenye sakafu ili maji yawe yanatoka yenyewe, ushauri ambao niliukataa. Kinachonitatiza ni kwamba maji haya hayafuati mvua peke yake. Zipo siku za jua kali ambapo natoka Masasi na kiyoyozi kimewashwa njia nzima, nikafika nyumbani na kukuta kapeti imelowa. Zipo pia siku ambapo gari limelala chini ya mwembe bila kuwashwa, mvua ikanyesha usiku, na asubuhi nikakuta maji. Wapo wanaonishauri ninyunyize ndani unga wa salfa, ule unaopulizwa kwenye mikorosho, ili nione mkondo wa maji unakotokea. Je, ni njia salama? Na nianzie wapi kabla sijamruhusu mtu mwingine kubandua dashibodi?

Msafiri wa Kilwa Masoko

Pole sana Mwalimu. Mimi ningeanza na historia ya gari lenyewe. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua zilizokata barabara ya Kusini maeneo ya Somanga, yapo magari yaliyozama hadi kwenye viti, na gari la namna hiyo likishafuliwa kapeti na kupuliziwa manukato huuzwa kama mengine yote. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake uone kama sehemu ya ndani ina tope au mstari wa maji. Chunguza reli za viti na boliti zake kama zina kutu kuliko umri wa gari unavyostahili, kisha mulika tochi chini ya dashibodi, kwenye mabano ya chuma ambayo hakuna muuzaji anayekumbuka kuyasafisha. Ukikuta udongo mahali hapo, tatizo lako si la kuvuja tu.

Fundi wa Ligula

Mwalimu, nashukuru kwa maelezo yako, kwa sababu umekwisha kulijibu nusu ya swali bila kujua. Alilosema ndugu wa Kilwa lina maana na lichunguzwe, lakini gari lililozama zamani halitoi maji mapya baada ya safari ya jua kali. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni chanzo kimoja bali viwili, na ndiyo sababu kila fundi aliyeshughulikia kimoja alionekana ameshindwa. Vitenganishwe kwanza.

Nianze na maji ya siku ya jua. Ndani ya dashibodi, nyuma ya kile kisanduku cha kuwekea vitu mbele ya abiria, kuna kipoozeo cha kiyoyozi. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na inapopita kwenye kipoozeo hicho baridi, unyevu huo hugeuka matone, yakakusanyika chini ya boksi na kutoka nje kwa mrija mdogo wa mpira unaotoboa ukuta kati ya injini na chumba cha abiria. Ndiyo maana gari lenye kiyoyozi kizima likisimama mahali linaacha kidimbwi cha maji safi chini yake, na wenye magari wageni huja gereji wakiwa na hofu kwamba rejeta imetoboka. Sasa jiulize: umekiona kidimbwi hicho chini ya gari lako hivi karibuni? Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama mahali pakavu, liache lingurume kwa nusu saa mchana wa joto, kisha chungulia chini. Pakiwa pakavu kabisa ilhali ndani kuna baridi ya kutosha, mrija umeziba kwa vumbi, tope au vijidudu vilivyojenga humo, na maji yamekosa njia nyingine ila kumwagikia kwenye kapeti.

Mrija huo huzibuliwa kutoka chini ya gari kwa kijiti laini cha plastiki au kwa kuunyonya kwa pampu ya mkono. Usimruhusu mtu asukume waya mgumu, kwa kuwa kipoozeo kimetengenezwa kwa bati jembamba la alumini na kikitobolewa gesi yote itapotea. Vilevile hewa ya kompresa ikipulizwa kwa nguvu kutoka chini huweza kuuchomoa mrija ndani ya boksi, na hapo ndipo dashibodi italazimika kufunguliwa kweli.

Kabla hujaondoka hapo, jihakikishie kwamba maji hayo si ya rejeta. Magari haya yana hita ambayo sisi wa Mtwara hatuiwashi mwaka mzima, lakini maji ya injini huendelea kupita humo. Hita ikivuja, kapeti hunata, huteleza kama imemwagiwa mafuta na hutoa harufu tamutamu, na ukungu wa kioo cha mbele huacha utando usiofutika kwa kitambaa kikavu. Usionje kwa ulimi kama nilivyoona watu wakifanya, maana kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, ni sumu. Na kwa kuwa magari mengi huku yanatiwa maji ya bomba badala ya kulanti, rangi na harufu zinaweza zisikwambie kitu. Weka alama kwenye kopo la akiba la rejeta injini ikiwa imepoa, uangalie kama maji yanapungua kwa wiki nzima.

Ya mvua ni suala jingine. Chini ya wipa, kati ya boneti na kioo, kuna mfereji uliofunikwa kwa plastiki yenye matundu. Maji yote ya kioo cha mbele hushukia humo na kutoka kwa njia za pembeni, nyuma ya madigadi. Umesema gari linalala chini ya mwembe. Majani ya mwembe ni magumu na hayaozi upesi, yanajipanga kwenye hizo njia mpaka mfereji unakuwa beseni, na maji yakipanda kidogo tu yanavuka ukingo wa tundu la feni linalovuta hewa, ambalo katika magari ya usukani wa kulia mara nyingi liko upande wa abiria. Kipimo chake ni rahisi: chomoa kichujio cha hewa nyuma ya kisanduku cha dashibodi, kama gari lako lina kichujio. Kikiwa kimelowa, kina alama za maji au vipande vya majani, maji yanaingia kwa juu kupitia kwenye feni. Kikiwa kikavu, mfereji huo unaweza kuwa hauna hatia na utaendelea kutafuta.

Kutafuta huko hufanywa kwa mpira wa maji usio na kichwa cha presha. Kausha gari kwanza, fungua kapeti ya upande huo, mtu mmoja akae ndani na tochi, wa nje aanze kumwaga maji polepole sehemu ya chini kabisa, yaani kizingiti cha mlango, kisha mlango, kisha nguzo, kisha kioo, na mwisho paa, akikaa dakika 5 hadi 10 kila mahali kabla ya kupanda. Ukianzia juu umeharibu kazi, kwa kuwa maji yatapita kila mahali kwa pamoja na hutajua ni lipi lililoyaruhusu. Na kumbuka kwamba mahali palipolowa si lazima pawe mahali maji yalipoingilia. Maji hufuata mwinamo, na soli iliyo chini ya kapeti huyanyonya na kuyasafirisha hadi nyuma.

Kuhusu salfa, hapana. Unga ule unawasha macho na kifua, unashika moto, na ukikutana na unyevu unasaidia kutu. Tumia poda ya mtoto au chaki iliyosagwa, uipake kwenye bati chini ya kapeti, na mkondo utajichora wenyewe.

Mama Mtanda, Lindi

Naomba niongeze jambo moja ambalo Fundi amelipita haraka, nalo ni mlango. Watu wengi huamini kwamba mpira wa mlango ndio unaozuia maji yote, kumbe maji ya mvua huteremka pembeni mwa kioo na kuingia ndani ya mlango wenyewe kila siku, na hayo ni ya kawaida kwa sababu mlango una matundu ya kuyatoa kwa chini. Kinachoyazuia yasije upande wa abiria ni karatasi ya plastiki iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata, nyuma ya ubao wa mlango. Fundi redio akibadilisha spika, au fundi umeme akitengeneza mota ya kioo, huichana na kuirudisha kwa salotepu au hairudishi kabisa. Kwenye gari letu maji yalikuwa yakishuka nyuma ya ubao, yanapita juu ya kizingiti na kuingia chini ya kapeti, wakati mpira wa mlango haukuwa na kasoro yoyote. Kwa hiyo Mwalimu, kama spika zako si zile zilizokuja na gari, fungua ubao wa mlango huo kabla ya kununua mpira mpya. Mpira unapimwa kwa kipande cha karatasi: kifungie mlango juu yake, kisha ukivute, kikitoka bila ukinzani, mahali hapo mpira haubani.

Mwalimu wa Shangani, Mtwara

Nawashukuru nyote. Mkanda wa kiti ni safi na reli hazina tope, kwa hiyo la mafuriko tumeliweka kando. Kidimbwi chini ya gari hakikuwepo, kama Fundi alivyohisi. Kijana wa gereji alipochokonoa mrija kwa kijiti cha plastiki lilitoka tope jekundu, lile la barabara za Newala, na baada yake maji yakamwagika zaidi ya lita moja. Tangu hapo safari ya kiyoyozi haiachi unyevu ndani.

Mfereji wa chini ya wipa ulikuwa na majani ya kujaza ndoo ndogo, lakini kichujio kilikuwa kikavu na hakina alama. Tulipomwaga maji kwa utaratibu mlioeleza, kizingiti hakikupitisha kitu. Tulipofika mlango wa mbele kushoto, poda ilichorwa mstari kutoka pembe ya chini ya ubao. Spika kweli zilibadilishwa na mwenye gari wa zamani, na karatasi ya plastiki imebaki nusu. Swali langu sasa ni hili: naweza kuibadilisha kwa nailoni nene ya dukani, na je, kapeti ianikwe bila kutoa viti?

Fundi wa Ligula

Nailoni nene inafaa, mradi isiwe ile inayochanika kwa kuvutwa. Ikate kwa kufuata umbo la ya zamani, na ibandike kwa gundi nyeusi ya butili, ile ya utepe usiokauka, si kwa silikoni wala salotepu. Sehemu ya chini ya nailoni iingizwe ndani ya mlango, ili matone yanayoishukia yaanguke kwenye matundu ya mlango na si nje yake; wengi huibandika juu ya bati na kujikuta wameyaongoza maji palepale yanapokatazwa. Zibua na hayo matundu kwa kijiti.

Viti vitolewe, kwa kuwa soli ya chini ni nene na haitakauka kwa kuinuliwa pembe moja. Kabla ya kugusa soketi yoyote chini ya kiti, ondoa waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa, kwani soketi za manjano ni za mifuko ya hewa na mikanda, na usiwashe swichi zikiwa zimechomolewa, la sivyo taa ya onyo itabaki inawaka. Kagua pia nyaya zinazopita kando ya kizingiti. Soketi ikiwa na unga wa kijani, isafishwe sasa, maana hitilafu za umeme zitakazokuja miezi ijayo zitaanzia hapo. Bati likiwa na kutu ya juu tu, lipigwe msasa na rangi ya kuzuia kutu kabla kapeti haijarudi.

Silikoni ya kioo cha mbele iache kwa sasa kama haivuji. Lakini siku utakapobadilisha kioo hicho, mwambie fundi kwamba ilipakwa, aikwangue yote na kusafisha bati, kwa sababu gundi ya vioo haishiki juu ya mabaki ya silikoni.