Kikosi cha wakati wote cha futiboli ya Australia, namba moja mtu mmoja: nani apewe 3, 4 na 5?

Mtoa mada:

Wakuu, habari zenu. Hii mada inawagawa mashabiki wa futiboli ya Australia kila inapoibuka, ule mchezo wa mpira wa umbo la yai wenye nguzo nne kila upande. Mpira ukipita kati ya nguzo mbili ndefu ni goli, pointi 6. Ukipita pembeni yake, kati ya ndefu na fupi, ni pointi 1. Kazi yenyewe ni kupanga kikosi bora cha wakati wote, ila kila namba ya jezi inatumika mara moja tu. Ukimpa mtu namba 3, wote wengine waliowahi kuivaa wanabaki nje, hata wawe mashujaa wa namna gani.

Masharti yangu ni haya. Wachezaji 22: mistari mitano ya watu watatu watatu kutoka nyuma hadi mbele, kisha watatu wanaoufuata mpira popote ulipo (mrukaji anayegombea mpira refa anapouanzisha, na viungo wawili), na akiba wanne. Ligi ni VFL, iliyobadilishwa jina kuwa AFL mwaka 1990. Namba za mgongoni zilianza kutumika rasmi mwaka 1912, kwa hiyo gwiji kama Albert Thurgood wa Essendon hana pa kuingilia. Tena mchezaji apimwe kwa alichofanya akiwa na namba hiyo. Chris Judd alibeba ubingwa wa 2006 na West Coast akiwa na 3, halafu akachukua Medali ya Brownlow (ya mchezaji bora wa msimu) ya 2010 na Carlton akiwa na 5. Huwezi kujumlisha yote mawili ukayaweka kwenye namba moja.

Kikosi changu:

Nyuma: John Nicholls 2, Stephen Silvagni 1, Corey Enright 44.
Nusu-nyuma: Bruce Doull 11, Peter Knights 24, Luke Hodge 15.
Katikati: Francis Bourke 30, Robert Harvey 35, Keith Greig 27.
Nusu-mbele: Alex Jesaulenko 25, Wayne Carey 18, Gary Ablett mkubwa 5.
Mbele: Leigh Matthews 3, Tony Lockett 4, Lance Franklin 23.
Wafuata mpira: Jack Dyer 17, Ron Barassi 31, Bob Skilton 14.
Akiba: Kevin Bartlett 29, Adam Goodes 37, John Coleman 10, Craig Bradley 21.

Wengi wanakwama kwa sababu wanaanza na namba 1, kisha 2, kisha 3, wakichagua jina kubwa kuliko yote kila mahali. Wakifika mwisho wana wafungaji watano na hawana mrukaji hata mmoja. Anza na nafasi zenye watu wachache, yaani mrukaji na mabeki wa pembeni, ndipo uende kwa wafungaji ambao wamejaa tele.

Mchangiaji wa pili:

Mkuu, kazi nzuri, lakini hapo kwenye 3 siwezi kunyamaza. Ted Whitten wa Footscray, mechi 321, bingwa wa 1954, ndiye aliyetajwa nahodha wa Kikosi cha Karne, kikosi bora cha miaka 100 ya ligi, mwaka 1996, akawekwa katikati ya mstari wa nusu-nyuma. Wewe umemwacha nje kabisa! Na Dick Reynolds wa Essendon, Brownlow tatu (1934, 1937, 1938), naye alivaa 3. Watatu wa Kikosi cha Karne wamebanana kwenye namba moja, na umemchukua Matthews bila kutoa hata sababu.

Mtoa mada:

Sababu ninayo. Swali la nani mkubwa kati ya Whitten na Matthews halina mwisho. Mimi nauliza: nikimkosa huyu, anayeziba pengo lake ni nani, na ana namba gani? Nikimkosa Whitten, Knights wa Hawthorn ananishikia kati ya nusu-nyuma na 24 yake haigombewi na yeyote wa ukubwa huo. Nikimkosa Matthews, nampata wapi kiungo mwingine aliyefunga magoli 915 katika mechi 332 na kubeba ubingwa mara nne?

Mchangiaji wa pili:

Unampata kwenye benchi lako mwenyewe. Kevin Bartlett wa Richmond, mechi 403, magoli 778. Fainali kuu ya 1980 alifunga magoli 7 akacheza mbele, akatwaa Medali ya Norm Smith, ya mchezaji bora wa fainali kuu. Mpeleke pembeni mbele, Whitten aingie kati ya nusu-nyuma, na Knights akae benchi asubiri. Tena Whitten alicheza kati ya nusu-nyuma na kati ya nusu-mbele kwa ubora uleule, kwa hiyo Carey akiumia huna wasiwasi. Kwa kipimo chako hichohicho, pengo la Matthews ni dogo kuliko unavyolisema.

Mchangiaji wa tatu:

Mimi nakubali kipimo cha pengo, ila mtoa mada hakukitumia kwenye namba 4. Tazameni wafungaji wa mstari wa mbele na namba zao:

Lockett, 4: magoli 1,360, mechi 281, wastani 4.84.
Jason Dunstall, 19: magoli 1,254, mechi 269, wastani 4.66.
Coleman, 10: magoli 537, mechi 98, wastani 5.48.
Peter Hudson, 26: magoli 727, mechi 129, wastani 5.64.

Wanne hawa wana namba nne tofauti, na 19 na 26 hazina mgombea mwingine anayewafikia. Maana yake namba 4 iko huru. Mpeni Dustin Martin wa Richmond, mtu pekee aliyetwaa Medali ya Norm Smith mara tatu (2017, 2019, 2020). Alicheza kiungo, akasogea mbele, akamfuta beki kwa mkono mmoja. Ukimweka Lockett unapata magoli ambayo Hudson angekufungia. Ukimweka Martin unapata kitu ambacho hakuna mwingine kikosini anacho. Na kabla hamjanitajia Royce Hart na Stephen Kernahan, nao walivaa 4, lakini nafasi yao ni ya Carey.

Mchangiaji wa nne:

Ndugu yangu, wastani peke yake unapotosha. Coleman aliumia goti mwaka 1954 akiwa na miaka 25, hakucheza tena. Hatukumwona akichoka. Lockett alifunga kwa miaka mingi, St Kilda ikiwa timu ya kufungwa mara kwa mara, akaenda Sydney akaendelea, namba ileile 4. Rekodi ya magoli ya ligi nzima iko kwake. Kikosi cha wakati wote kisicho na mwenye rekodi hiyo, mimi sikisaini.

Lakini shida kubwa zaidi naiona kwa mrukaji. Dyer alikuwa mtu wa vita, mechi 312, Richmond nzima ilimfuata. Sasa mweke aruke na mtu kama Max Gawn wa Melbourne, mwenye urefu unaozidi sentimita 205. Mpira wa kwanza utaupoteza karibu kila mara, na Skilton na Barassi watabaki kukaba badala ya kupokea. Nicholls uliyemficha nyuma ni mrukaji halisi, lakini ukimpandisha unabaki na shimo pembeni nyuma.

Njia ipo, ila ina gharama. Mpe Gawn 11. Doull anatoka, nafasi yake inachukuliwa na Andrew McLeod wa Adelaide, 23, aliyetwaa Norm Smith mbili mfululizo, 1997 na 1998. Kwa hiyo Franklin anatoka, na Dunstall anaingia na 19 yake. Watatu nje, watatu ndani. Na 17 ikibaki wazi, mnaweza kumweka benchi Michael Tuck, mechi 426 na ubingwa mara saba akiwa na Hawthorn.

Mchangiaji wa tano:

Mbona mnazunguka wakati jibu liko kwenye namba 5? Graham Farmer, "Polly", alivaa 5 Geelong na akawapa ubingwa wa 1963. Huyu ndiye aliyebadilisha kazi ya mrukaji: badala ya kuusukuma mpira tu, aliudaka na kuupiga kwa ngumi kwa umbali mrefu mpaka mikononi mwa kiungo anayekimbia. Mpeni 5. Dyer apumzike, Franklin asogee nusu-mbele ambako anapamudu, Dunstall aingie mbele. Ukiacha Dyer, anayepotea ni Ablett tu.

Mchangiaji wa nne:

"Ablett tu"? Magoli zaidi ya 1,000 akiwa Geelong, magoli 9 katika fainali kuu ya 1989 ambayo timu yake ilifungwa kwa pointi 6, na medali akapewa yeye aliyefungwa. Farmer alicheza Geelong mechi 101 peke yake. Kwa sharti la mtoa mada, hizo ndizo zinazohesabiwa. Na kwenye 5 hiyohiyo hujamgusa James Hird wala Nathan Buckley.

Mchangiaji wa tano:

Mechi 101 kwa sababu miaka yake mingi ilikuwa Perth, katika klabu za East Perth na baadaye West Perth. Hapo ndipo sharti la VFL peke yake linapoumiza. Barrie Robran wa North Adelaide alitwaa Medali ya Magarey, ya mchezaji bora wa ligi ya Australia Kusini, mara tatu na hakucheza VFL hata siku moja. Mkisema "wakati wote" na "Australia", semeni ukweli: mnapanga kikosi cha Melbourne na mitaa yake mpaka miaka ya 1980.

Mchangiaji wa sita:

Kwangu mimi namba si kama tiketi ya kuingilia, ina historia yake. Angalieni 31. Ron Barassi mkubwa aliivaa Melbourne, akacheza katika kikosi cha ubingwa wa 1940, akauawa vitani Tobruk mwaka 1941. Mwanawe akaivaa jezi ileile na kubeba ubingwa mara sita. Dustin Fletcher wa Essendon alicheza mechi 400 na 31, beki ambaye kikosi chenu kinamhitaji kuliko kinavyohitaji kiungo mwingine, na kwa kipimo cha pengo Fletcher anapaswa kushinda. Nani hapa yuko tayari kumtoa Barassi kwenye 31? Kama hakuna, basi kipimo hicho hamkiamini ninyi wenyewe.

Na 37 hivyohivyo. Namba kubwa kwa kawaida hupewa wageni, na wengi wakishazoea huomba ndogo. Goodes alibaki na 37 kwa mechi zote 372, Brownlow ya 2003 na ya 2006. Huyo hastahili kuanzia benchi. Aanze.

Mchangiaji wa saba:

Nyongeza fupi kwenye 21. Sipingi Bradley, mechi 375 na Carlton. Ila wasomaji wa huku wajue kwamba Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya, anavaa 21 Port Adelaide, na mwaka 2021 aliteuliwa kwenye kikosi bora cha msimu cha ligi nzima. Ni beki hodari wa kudaka mipira mirefu. Kikosi cha wachezaji wanaocheza sasa kikipangwa, 21 iko kwake.

Mtoa mada:

Nimewasoma. Kuhusu 31, Barassi anabaki, na sababu ni ya kiuchezaji: kiungo mwenye nguvu wa kumfungulia Skilton njia simpati kwenye namba nyingine. Hoja ya Martin kwenye 4 ina uzito na naipokea: Martin aanzie nusu-mbele kushoto, Jesaulenko kulia, Ablett asogee mbele kabisa pamoja na Matthews, na Hudson awe mfungaji wa kati. Franklin anahamia benchi, Coleman anatoka, Goodes anaanza winga badala ya Greig. Greig akitoka 27 inakuwa wazi, na hapo ndipo namwingiza Simon Madden wa Essendon, mrukaji wa mechi 378, achukue nafasi ya Dyer, naye Dyer aende akiba. Doull anabaki na 11, Ablett na 5.

Sasa niambieni kuhusu 29, maana hapo hakuna aliyenibana bado: Bartlett, Brent Harvey mwenye mechi 432, Matthew Pavlich wa Fremantle, au Gary Ablett mdogo kwa miaka yake ya mwanzo ya Geelong peke yake?

Mchangiaji wa pili:

Bartlett, lakini kwa sharti moja: acheze pembeni mbele, na 3 umrudishie Whitten.