Msaada: mkono wangu unachora tembo hata nisipotaka

Brashi_Kavu:
Wadau, salamu. Mimi ni mchoraji, naishi Kawangware. Rangi za mafuta nazijua, watu na wanyama nachora bila kuangalia picha. Lakini nikikaa kuchora kitu changu mwenyewe, mkono unakataa. Naanza uso wa jirani, unaisha kuwa Mmaasai na mkuki. Naanza mawingu, nashtukia kuna tembo chini yake. Nifanye nini niwe huru? Mzaha tafadhali hapana, usingizi umenipotea.

Njeri_wa_Ngara:
Mwachie tembo apite, kwani anakudai? 😂

Grafiti_Rongai:
Nakuelewa, buda. Nimechora matatu miaka mingi. Mwenye gari akitaka mwanasoka, unampa mwanasoka. Sehemu yangu ilikuwa mlango wa nyuma tu, hapo najimwaga nitakavyo kwa sababu hakuna anayepaangalia. Siku moja nikachora nyanya yangu akipepeta mchele. Abiria wakaipenda, mwenye gari akaipaka nyeusi. Salio langu hajanimalizia hadi leo, na akisoma hapa anajijua.

Mwalimu_Wanza:
Weka brashi chini, shika mkaa. Simama, tumia mkono wa kushoto, karatasi iwe kubwa. Mkono uliozoea unahitaji kizuizi. Michael Armitage, mzaliwa wa hapa Nairobi, huchora juu ya lubugo, kitambaa cha magome kutoka Uganda. Kina matundu na mishono, brashi ikifika hapo inabidi itafute njia nyingine. Na alikutana nacho kwenye soko la watalii hapahapa mjini.
Sasa niambie: kila siku unachora nini, na unamchorea nani?

Brashi_Kavu:
Hilo si muhimu sana, mwalimu.

Mwalimu_Wanza:
Basi ndilo lenyewe.

Brashi_Kavu:
Sawa. Nachorea duka la mapambo ya watalii. Usiku nachora, asubuhi napeleka zikapakiwe. Sahihi ninayoweka ni ya mwenye duka. Mwezi huu amenipa pesa za oda yote mapema, nikazikodia chumba cha kuchorea kazi zangu. Msiniambie nirudishe, mwenye nyumba harudishi kodi. Na hizo oda siwezi kuzichorea mle, nitakuwa nimekichafua.

Shemasi_Kitengela:
Kijana, dawa ya deni ni kulipa. Umekula pesa ya mtu halafu unaomba uhuru? Vijana wa siku hizi! Mimi nilipojenga hapa Kitengela nilikopa mawe, na kila lori nililipa. Hilo la ukuta nitawasimulia siku nyingine.

Mpelelezi_Buru:
Ngojeni kidogo. Rangi ya mafuta achore usiku, asubuhi ipakiwe? Mafuta hukaa siku kadhaa bado yanashika kidole, yakiwa mazito ndiyo kabisa. Huyu hajawahi kushika brashi. Hii ni hadithi imetungwa.

Njeri_wa_Ngara:
Na nilikuwa nimeshaanza kumhurumia tembo.

Brashi_Kavu:
Nani kasema ya tyubu? Kwa bei ile nitakula nini? Natumia enameli ya kopo, ile ya kupaka mageti, na tapentaini kidogo, juu ya hadibodi. Nikiipaka nyembamba, asubuhi unashika.

Mwalimu_Wanza:
Hapo simbishii. Edward Saidi Tingatinga alianza hivyohivyo Dar es Salaam mwaka 1968, enameli ya baiskeli juu ya hadibodi, na wateja wake wengi walikuwa wageni. Chui wake walikuwa wa kuuzwa, na bado walikuwa wake. Hata Maasai Mbili, kile kikundi cha wasanii wa Kibera, walitokea kwenye kuandika mabango ya vibanda. Kwa hiyo shida yako sioni kama ni tembo. Maliza oda, lakini nyuma ya kila ubao andika jina lako.

Brashi_Kavu:
Akiona?

Mwalimu_Wanza:
Huwa anageuza?

Brashi_Kavu:
Hata za mbele haangalii, anahesabu tu.

Mpelelezi_Buru:
Enameli nimekubali. Chumba bado. Weka picha tuone.

Brashi_Kavu:
Hakina stima. Kesho mchana.

Kinyozi_Kayole:
Samahani kuingilia. Nina ukuta hapa kwa kinyozi, nataka vichwa vinne vya mitindo ya nywele. Unaweza?

Brashi_Kavu:
Naweza. Unalipa nusu mbele?