Mama hajawahi kuiona bahari, tuna siku moja na nusu Mtwara kabla ya ndege, nimpeleke wapi?

Kijana wa Newala

Wakuu habari zenu, naomba msaada hasa wenyeji wa Mtwara mjini. Nimepata likizo na hii safari nimeidunduliza tangu hela za korosho za mwaka jana, tunaenda Zanzibar mimi na wife, binti yetu wa miaka sita na mama yangu mzazi. Tunatoka Newala ijumaa alfajiri, Mtwara tutakuwa tumefika kama saa tano asubuhi, ijumaa usiku nimepanga tulale gesti moja ya stendi, ndege ya Dar ni jumamosi saa tisa alasiri halafu jumapili ndo tunapanda boti ya Unguja.

Sasa kila ninayemuuliza ananiambia Mtwara pale mkifika laleni tu mkusanye nguvu, starehe iko mbele. Mi roho inakataa. Mama ana miaka 67, maisha yake yote kakaa huku juu, bahari hajawahi kuiona hata mara moja. Shimo la Mungu, lile korongo letu la Newala, kalizoea, bonde la Ruvuma analiona chini kule kila akitoka, lakini bahari hapana. Ujana wake walikuwa wanashuka bondeni usiku kuteka maji wanapanda nayo kichwani maana huku juu maji yalikuwa hakuna, goti lake la kulia mpaka leo linamsumbua. Sitaki bahari yake ya kwanza aichungulie kwenye dirisha la ndege, au aijue kwa kutapika ndani ya boti. Nataka aikanyage, ametulia, hakuna anayemharakisha.

Bichi ya Msimbati nasikia sifa tu, je kwa muda huo inawezekana? Na kama siyo huko ni wapi?

Mnazi Bay damu

Mkuu nenda Msimbati usisikilize mtu. Mchanga mweupe, minazi, maji unaona mpaka chini, ndo ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na maingilio ya Ruvuma kwa hiyo kuna kiingilio mjiandae. Gesi yenyewe iligunduliwa pale pale mwaka 1982, hii inayokwenda Dar kwa bomba. Mi nimezaliwa huko na nimetembea pwani nyingi sijaona inayoifikia. Kodini gari ijumaa mchana mrudi usiku.

Mtoto wa Feri

Kaka Mnazi Bay sifa za kwenu ni za kweli kabisa ila hapa tumshauri mtu kwa hali aliyonayo. Bi mkubwa ana goti, ametoka Newala alfajiri kakaa kwenye gari masaa yote hayo, afu umpakie tena kwenye gari aende Msimbati na kurudi siku hiyo hiyo? Atafika kachoka, ataiona bahari nusu saa anaambiwa twende giza linaingia. Na pwani ya kule inashuka ghafla, hatua chache maji yako kifuani, kwa mtu ambaye hajawahi kuingia baharini na mtoto wa miaka sita mi sishauri. Msimbati iwe safari yake peke yake, siku mbili.

Sasa nisikilize jambo ambalo watu wa bara wengi hawalijui wanakuja kulaumu. Bahari ina saa zake. Nimeangalia hiyo ijumaa yako, mwezi utakuwa mpevu, maana yake bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Huku kwetu siku za bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, na saa nne asubuhi yanakuwa yamekupwa mbali mno, unakuta mawe na matope na majani tu. Ungekuja wiki moja kabla au baada, siku za maji mafu yanayopanda na kushuka kidogo, saa zingekuwa kinyume chake, na kila siku yanachelewa karibu saa moja. Kwa hiyo ukimtoa stendi saa tano ukampeleka moja kwa moja pwani ataona mawe, atakuuliza bahari yenyewe iko wapi. Nimeshaona wageni wanageuza na gari wanasema Mtwara hamna bichi kumbe wamekuja maji yametoka.

Fanya hivi, mkifika oga, kula, we nenda swala ya ijumaa, bi mkubwa anyooshe mguu. Saa tisa na nusu chukueni bajaji mpaka Shangani, pwani ya hapa hapa Mtwara mjini. Hapo maji yanapanda yenyewe, yanakuja taratibu, yeye akae tu mchangani atayaona yanamfuata. Avae kandambili zenye mkanda kwa nyuma kuna sehemu zina mawe makali. Mtoto asiachwe mkono.

Bint Mikindani

Kaka Newala karibuni sana na mpe mama shikamoo yake kutoka kwangu. Namuunga mkono huyo wa Feri kwa ijumaa. Jumamosi asubuhi sasa njooni kwetu, ni kilometa kama kumi tu barabara ya Lindi, daladala zipo ila kwa goti la mama chukueni bajaji ya kwenda na kurudi mpatane bei kabla hamjapanda. Msilale kwa kuwa ndege ni ya mchana, asubuhi hiyo ni yenu.

Mikindani ni mji wa zamani, nyumba za mawe na milango ya nakshi, boma alilojenga Mjerumani 1895 bado limesimama limefanywa hoteli, mnaweza kukaa mkanywa chai. Livingstone safari yake ya mwisho ya bara alianzia hapa 1866, hakurudi pwani akiwa hai. Na jengo linaloitwa soko la watumwa lipo, hilo binti yako mweleze kwa namna anayoweza kubeba maana ni historia nzito na watu waliopitishwa njia hizi wengi walitoka huko huko bara kwetu sote. Mi sipendi watu wanaopiga picha pale wanacheka.

Na kwa vile maji saa nne yanakuwa yametoka kama alivyosema mwenzangu, mama ataona kitu kingine, ghuba maji yametoka, kina mama wamekunja kanga wanachokoa pweza na chaza kwenye mawe. Jioni kaiona imejaa, asubuhi anaiona imeondoka, hapo ndo mtu anaijua bahari.

Afu hiyo gesti ya stendi, kama hujalipa hela nyingi hama. Makelele ya wapiga debe alfajiri mama hatalala. Tafuta upande wa Shangani au Ligula.

Lindi yetu

Mi natoka Lindi naomba niseme la mbele. Siku ukirudi ukipenda njoo kwa basi badala ya ndege, ukalale Kilwa Masoko. Unashukia Nangurukuru unachukua gari ya Masoko, asubuhi unakata kibali unavuka kwa boti kwenda Kilwa Kisiwani, magofu ya msikiti mkuu na kasri la Husuni Kubwa, UNESCO wameyaweka kwenye urithi wa dunia tangu 1981. Watu wa kusini tunapita pale Nangurukuru usiku tumelala miaka nenda rudi, inaniuma sana.

Kijana wa Newala

Asanteni sana, sikujua kabisa habari ya maji kupwa na kujaa kwa saa. Gesti nimeghairi. Swali la mwisho, jumamosi tukitoka Mikindani saa ngapi ili tusichelewe ndege?

Mtoto wa Feri

Saa tano muwe mmeshapanda bajaji. Mrudi mchukue mabegi mle kitu, saa saba muwe uwanjani. Korosho za zawadi nunua ijumaa usiache za dakika ya mwisho, na angalia tiketi inaruhusu kilo ngapi.

Kijana wa Newala

Wakuu niko uwanja wa ndege saa hizi, nimesema nisipande bila kurudisha majibu.

Jana tulifika Shangani saa kumi kasoro. Mama alisimama mbali kwanza karibu na mti, kashika mkono wa mjukuu, hasemi kitu. Maji yakawa yanapanda kama mlivyosema. Baadae akavua kandambili mwenyewe, wife akamfuata na kiti cha kukunja tulichoazima gesti, akakaa maji yanamfika kwenye vifundo. Akachota kwa kiganja akaonja, akatema. Akaniuliza, haya yote hayanyweki? Nikamwambia hayanyweki mama. Akanyamaza muda mrefu sana akiyaangalia, afu akasema sisi tulikuwa tunashuka usiku wa manane na simba wapo, kwa ndoo moja. Mimi nilisogea pembeni kidogo. Tulikaa mpaka magharibi, goti anasema lilipoa kwenye yale maji ya chumvi.

Leo Mikindani alienda kuongea na wale kina mama wanaochokoa, wakakuta wanaelewana kimakonde, wakampa pweza mmoja, nimempa bint wa gesti ampike tukala kabla ya kuja huku. Boma tuliliona kwa nje tu maana mama hakutaka kutoka pale pwani na mi sikumlazimisha.

Bint Mikindani, shikamoo yako imefika, amesema marahaba na ukipita Newala ufike nyumbani.

Wanaita abiria, ngoja nimshike mkono kwenye ngazi.