Kompyuta ikikosea kusoma picha ya kifua, nani alipe?

Wakuu habari za jioni, niko Nzega, hili jambo limenikaa kooni naomba tulijadili.

Kaka yangu ni mchimbaji mdogo, vumbi la mawe kalivuta miaka kumi na kitu na vumbi lile linajulikana linaifungulia TB mlango. Mwaka jana kakohoa zaidi ya mwezi, akaenda kupiga eksirei sehemu ambayo picha inasomwa na akili mnemba, wakamwambia kifua safi, wakampa antibayotiki, huyoo akarudi duarani, yaani shimoni kuchimba. Miezi miwili mbele makohozi yanapimwa kwingine, TB. Na mtoto wake wa miaka 4 naye sasa hivi yuko kwenye dozi.

Tulivyorudi kuuliza, mhudumu anasema mashine ndo ilisema, daktari anasema alifuata mashine, waliouza programu wameandika kwenye makaratasi yao kwamba yenyewe inashauri tu.

Jana kijiweni mzee mmoja akanambia aliyesaini ndo alipe, yaani daktari, basi. Nakataa. Hizi programu hazisemi ana TB au hana, zinatoa namba, nyingi ni 0 mpaka 100, halafu kuna mtu anaweka mstari, ukiuvuka unapimwa makohozi, usipouvuka unaenda zako nyumbani. WHO walipozikubali mwaka 2021, kwa watu wa miaka 15 kwenda juu, walitaka mstari upangwe kulingana na wagonjwa wa mahali husika. Kaka alipata 38, mstari ulikuwa 50. Hiyo 50 nani aliiweka? Ilishajaribiwa kwa vifua vya wachimbaji wa huku? Na toleo la programu likibadilika namba nazo zinaweza kuhama, daktari wa zamu atajuaje hayo yote?

Mimi nasema mwenye kituo alipe kwanza. Sheria yetu tayari inambebesha mwajiri kosa la mfanyakazi wake akiwa kazini, sasa mashine aliyoinunua mwenyewe iwe na nafuu kwa lipi? Akishalipa amgeukie muuzaji wamalizane huko. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 wameamua programu ihesabiwe bidhaa kama bidhaa nyingine na mtengenezaji anaweza kuamriwa na mahakama atoe nyaraka, nchi zao zina mpaka tarehe 9 Desemba 2026 kuyaingiza hayo kwenye sheria zao. Huku kwetu ushahidi anautafuta mgonjwa, na kituo kikiwa cha serikali unaanza na notisi ya siku 90 ndo uende Mahakama Kuu, mtu mwenyewe yuko kwenye dozi ya miezi 6 hata nauli ya Tabora mjini hana.

Kuna wanaosema vituo vitaogopa vitaziacha hizi mashine. Hoja nzito hiyo, wasomaji picha huku ni wachache mno na mimi nataka mashine ibaki. Ila mtu akikohoa wiki mbili si apimwe tu makohozi hata kama namba ni ndogo!

Mlioko kliniki za kifua kikuu Tabora na Kigoma, kwenu mstari ni ngapi, na nani aliuweka?